Kabla Hujaizamisha Kamera: Jinsi ya Kuchagua Kasha la Chini ya Maji

Kamera ya kwanza niliyoiua niliiulia kwenye kina cha mita tatu. Wala si thelathini. Tulikuwa upande wa magharibi wa Unguja, karibu na kisiwa cha Bawe, mimi na mwenzangu tukipiga picha za matumbawe kwa ajili ya utafiti wa shahada ya uzamili. Nilikuwa nimeshalaza fremu ya mraba juu ya mwamba na kuelekeza lenzi, ndipo nikaona uzi mwembamba wa mapovu unapanda kutoka kwenye ukingo wa kasha. Kwa sekunde kama mbili nilijidanganya kuwa ni mapovu yangu mwenyewe. Halafu nikaona maji yanachezacheza ndani ya kioo, chini ya lenzi, kama chai kwenye glasi.

Nahodha alishangaa kuniona nimeibuka mapema hivyo. "Vipi mwanangu, pumzi zishakwisha?"

"Hapana mzee, kamera imekunywa maji."

Hakucheka. Alinisogezea dumu lake la maji ya kunywa, nikatoa kadi ya kumbukumbu na kuisuuza humo. Kadi ilipona na picha zote za siku mbili zilizotangulia zilikuwemo. Kamera na lenzi havikupona. Na kamera haikuwa yangu, ilikuwa ya maabara. Dada aliyekuwa anafuata kwenye foleni ya kuitumia alikaa akisubiri mpaka upepo wa kusi ukaanza, maji yakachafuka, na msimu wake wa kukusanya data ukaishia hapo. Nilipokagua kasha jioni, nilikuta chanzo chake: uzi mmoja wa taulo, urefu wa kucha, umelala juu ya oringi.

Sasa fedha za kununua kasha jipya zimepatikana, na kazi ya kuchagua nimepewa mimi (labda kama adhabu). Nimesoma, nimepiga hesabu, nimewasumbua wazamiaji wengi. Haya hapa chini ndiyo niliyoyapata, na hayakuhusu tu wewe unayefanya utafiti. Ukiwa na DSLR yako ya kawaida na hamu ya kuwaona samaki wa Mnemba au Mafia, fizikia ni ile ile.

Presha, na kwa nini kasha huvuja kwenye maji mafupi

Juu ya ardhi tunabebwa na presha ya anga moja. Kila unaposhuka mita 10 baharini, unaongeza nyingine kama hiyo, yaani takriban kilo moja kwa kila sentimita ya mraba. Chukua kioo cha mbele cha kasha chenye kipenyo cha sentimita 20. Eneo lake ni kama sentimita za mraba 314. Kwenye kina cha mita 30 maji yanakisukuma kwa nguvu inayolingana na uzito wa zaidi ya kilo 900. Ni kama umeegesha Vitz juu yake.

Kwa hiyo jambo la kwanza la kuangalia ni kina ambacho mtengenezaji amekithibitisha. Makasha mengi ya DSLR yamepimwa kwa mita 60 au zaidi, na mzamiaji wa burudani haruhusiwi kuvuka mita 40, kwa hiyo hapa huna sababu ya kukosa usingizi. Kwa utafiti wa miamba yetu, kazi nyingi iko kati ya mita 2 na 15.

Mbona basi yangu ilijaa kwenye mita tatu? Hapo inabidi tuielewe oringi, ile pete ya mpira ambayo fundi magari yeyote anaijua. Inakaa kwenye mfereji wake, na vipande viwili vya kasha vinapofungwa vinaibana. Maji yakija na presha, yanaisukuma pete hadi inajigandamiza kwenye ukuta wa mfereji na kuziba zaidi. Kadiri unavyoshuka, ndivyo inavyoshika. Mahali pa hatari ni pale juu kabisa, presha ikiwa ndogo, kamera inapopokezanwa kutoka kwenye mashua, wimbi linapoipiga, au unaporuka nayo majini na kitu kikaisukuma pete kando. Unywele mmoja, chembe ya mchanga au uzi wa taulo unatosha kuacha njia.

Na grisi je? Wengi wanaamini grisi ndiyo inayozuia maji. Hapana. Kinachozuia ni mpira wenyewe ukibanwa. Grisi kidogo inaufanya mpira uteleze na kukaa sawa bila kujikunja. Ukiipaka kama unapaka mkate siagi, umetengeneza gundi ya kukamatia mchanga. Tumia ile ya mtengenezaji wa kasha lako, maana pete nyingine zimetengenezwa kwa silikoni, na grisi ya silikoni inazivimbisha. Pete usiifute kwa kitambaa. Ipitishe kati ya vidole vyako mwenyewe vilivyo safi, polepole, mzunguko mzima. Kidole kinahisi kisichoonekana.

Mfuko, plastiki au alumini

Kuna mifuko laini ya plastiki yenye dirisha la kioo, ambayo unaiingiza kamera na kuifunga. Ni rahisi sana kwa bei, lakini hewa iliyomo inabanwa kadiri unavyoshuka, mfuko unakumbatia kamera na vitufe havibonyezeki tena. Kwa kuogelea juu juu ufukweni inafaa. Kwa kuzamia, sahau.

Halafu kuna makasha magumu ya plastiki. Ikelite ya Marekani ndiyo inajulikana zaidi, na sifa yake moja naipenda mno: makasha yake mengi unaona ndani. Tone la kwanza likiingia unaliona, na unaona kama pete imekaa sawa. Kasoro zake ni ukubwa, na kwamba plastiki haipitishi joto vizuri, kwa hiyo kamera ikipata moto ndani hewa inabaki na joto hilo. Nitarudi kwenye hilo.

Kundi la tatu ni alumini: Nauticam wa Hong Kong, Sea&Sea wa Japani, Subal wa Austria, Aquatica wa Kanada. Ni madogo zaidi, magumu zaidi, vitufe vyake viko pale vidole vinapofika. Bei nayo inapanda. Kwa makadirio, kasha jipya la plastiki la DSLR ni dola 1,500 hivi, na la alumini ni 3,000 na kuendelea, bila kioo cha mbele. Ndiyo, linaweza kuwa ghali kuliko kamera yenyewe. Hakuna kosa la uchapaji.

Alumini ina adui mmoja wa kimyakimya. Ukigusanisha alumini na skrubu ya chuma cha pua ndani ya maji ya chumvi, umetengeneza betri. Alumini ndiyo inayotoa elektroni, nayo inaliwa polepole, unaona unga mweupe kuzunguka skrubu. Ndiyo maana makasha haya hupewa ngozi ngumu ya oksidi kiwandani, na mengine hufungiwa kipande cha zinki ili kiliwe kwanza badala ya kasha, kama vile zinki zinazofungwa kwenye meli. Ukinunua lililotumika, angalia hapo kwanza. Mkwaruzo uliofika kwenye chuma kitupu si suala la urembo.

Kioo cha mbele ndiyo habari yenyewe

Hapa ndipo watu wengi, mimi nikiwemo, hukosea. Tunachagua kasha kwa makini halafu kioo cha mbele tunachukua chochote. Kumbe picha inaamuliwa na hicho kioo.

Kuna aina mbili: kioo bapa na kioo cha kuba, kile kilichovimba kama kuba la msikiti. Tofauti yao inatokana na jambo ulilolisoma sekondari, mwanga kupinda unapotoka kwenye maji kwenda kwenye hewa. Mwanga husafiri polepole zaidi majini kwa uwiano wa 1.33 hivi. Ukitazama kupitia kioo bapa, kila kitu kinaonekana kimesogea karibu kwa robo na kimekua kwa theluthi. Ndiyo sababu kila mzamiaji mpya hunyoosha mkono na kumkosa samaki.

Lenzi nayo inadanganywa vivyo hivyo. Lenzi ya milimita 18 nyuma ya kioo bapa inafanya kazi kama ya milimita 24. Lenzi pana inayoona nyuzi 100 hewani inabaki na nyuzi 70 hivi majini. Tena pembeni mwa picha rangi zinatengana, unaona ukingo mwekundu na wa buluu, kwa sababu kila rangi inapinda kwa kiasi chake. Kwa vitu vidogo hili halina shida, bali ni faida: ukipiga picha ya konokono wa bahari mwenye ukubwa wa punje ya mchele, ukuzaji wa bure unaukaribisha. Lenzi ya karibu na kioo bapa vinapatana sana.

Kuba linafanya kazi tofauti. Miale inayoelekea kwenye kitovu cha kuba inakatiza kioo wima, na mwale unaoingia wima haupindi. Kwa hiyo lenzi inabaki na upana wake wote. Lakini ili hili litimie, lazima lile tundu la lenzi ambamo miale inaonekana kukutana liwe hasa kwenye kitovu cha kuba. Ndiyo maana kuna pete za kurefusha zinazowekwa kati ya kasha na kuba, na kila lenzi ina pete yake. Watengenezaji hutoa jedwali. Lifuate jedwali, usikisie, na ukumbuke kuwa kioo cha kampuni moja kwa kawaida hakiingii kwenye kasha la kampuni nyingine bila adapta.

Kuna kituko kingine. Kuba lenye hewa nyuma yake na maji mbele ni lenzi yenyewe, tena ya kutawanya. Linachukua ulimwengu wote wa mbele na kuuchora upya karibu sana. Kitu kilicho mbali kabisa kinaonekana kwa lenzi kana kwamba kiko mbele ya kuba kwa umbali wa nusu kipenyo mara tatu. Kwa kuba la kipenyo cha sentimita 20, hiyo ni sentimita 30. Papa potwe aliye mita kumi mbele yako, kamera yako inamwona kama yuko mbele ya pua yake! Kwa hiyo lenzi isiyoweza kufokasi karibu haitaona chochote nyuma ya kuba. Na ukichukua kuba dogo la sentimita 10 kwa sababu ni jepesi kusafiri nalo, umbali huo unapungua hadi sentimita 15. Picha hiyo ya kuchorwa pia imejikunja, si bapa, kwa hiyo kona za picha zinalegea. Dawa yake ni kufunga tundu la lenzi hadi f/8 au f/11, na kununua kuba kubwa kadiri mgongo wako utakavyovumilia.

Nikupe hesabu yangu. Fremu yetu ni ya sentimita 50 kwa 50, na nataka nafasi kidogo pembeni, tuseme 60. Kamera yetu ina kihisi chenye kimo cha milimita 15 hivi. Kwa lenzi ya milimita 18 nyuma ya kuba, napaswa kukaa kama sentimita 70 juu ya fremu. Nyuma ya kioo bapa, kwa lenzi hiyo hiyo, karibu mita moja. Unaweza kusema sentimita 25 zina nini. Njoo Unguja mwezi wa saba, kusi ikivuma, uone mchanga ulivyosimama majini. Kila sentimita ya maji kati yako na tumbawe ni pazia, na mwanga wa flashi unalipita mara mbili, kwenda na kurudi. Mwishowe mtafiti anakaa mbele ya kompyuta kuamua kama nukta fulani kwenye picha ni tumbawe hai au mwani uliofunika tumbawe lililokufa. Baada ya joto la 1998, na tena 2016, swali hilo ndilo tulilokuwa tunaulizwa: kiasi gani kimepona? Picha yenye ukungu inajibu uongo.

Rangi nyekundu

Maji humeza rangi nyekundu kwanza. Ukifika mita tano imeshapungua sana, na kwenye kumi karibu imekwisha, hata jua liwe kali namna gani. Ukijikata kidole huko chini utaona damu ya kijani. Kwa hiyo utahitaji flashi ya nje, na kasha liwe na njia ya kuzungumza nayo. Njia ni mbili. Waya wa umeme unapita kwenye tundu lenye oringi yake, maana yake mlango mmoja zaidi wa kuvuja. Uzi wa nuru haupitishi umeme wala hauhitaji tundu, unabeba tu mmuliko wa flashi ndogo ya kamera hadi kwenye flashi kubwa. Mimi napendelea huu. Ila baadhi ya DSLR kubwa hazina ile flashi ndogo inayoinuka juu ya kamera, na hapo inabidi kununua kifaa kidogo cha LED cha kuiga kazi yake. Uliza kabla hujalipa.

Kamera gani, basi?

Kasha la DSLR limetengenezwa kwa modeli moja tu. Si kwa Nikon, si kwa Canon, bali kwa modeli ile, kwa sababu kila kitufe cha nje kina fimbo inayogonga kitufe cha ndani. Kamera ikifa na modeli yake imeacha kutengenezwa, kasha lako linakuwa boksi la gharama kubwa la kuwekea vitunguu. Kwa upande mwingine, watu wengi wanahamia kamera zisizo na kioo cha ndani, na wanauza DSLR zao pamoja na makasha kwa bei ya kujikwamua. Ukikuta kamera na kasha vinauzwa pamoja, halafu ukapata mwili wa pili wa kamera hiyo hiyo wa mtumba kama akiba, umejihakikishia miaka kadhaa.

Jambo dogo ambalo hakuna aliyeniambia: ukiwa umevaa miwani ya kuzamia, jicho halifiki kwenye tundu la kuchungulia. Unaona kipande tu cha picha katikati. Jaribu kabla, au uwe na kamera ambayo skrini yake ya nyuma inafokasi haraka. DSLR nyingi za zamani huzubaa zikitumiwa kwa skrini. Canon walilitibu hilo mwaka 2013 kwenye EOS 70D, na modeli zao kadhaa zilizofuata zina mfumo huo.

Ukungu na kuelea

Hewa ya pwani yetu ina unyevu mwingi. Ukifunga kasha kwenye mashua, saa sita mchana, umefungia unyevu huo ndani. Majini kioo cha mbele kinapoa kwanza, mvuke unageuka matone juu yake, na picha zako zote zinakuwa za alfajiri yenye ukungu. Plastiki, kwa kushikilia joto la kamera, huzidisha tofauti hiyo ya joto. Fungia kasha kwenye chumba chenye kiyoyozi, weka pakiti mbili za silika ndani, na usilianike juani ukisubiri zamu yako ya kuruka.

Kuhusu uzito, kanuni ya Archimedes inatosha. Kasha lenye ujazo wa lita 7 linasukuma kando maji ya bahari ya kilo 7.2 hivi. Likiwa na kamera ndani lina kilo 6.5, litavutwa juu kwa nguvu ya gramu 700, na kuba lenye hewa litakuwa linainua pua ya kamera kila wakati. Kifundo cha mkono kinachoka ndani ya dakika kumi. Liingize kwenye ndoo kubwa nyumbani kwanza, ongeza vipande vya risasi au maboya madogo mpaka litulie.

Nilichochagua

Nimependekeza maabara inunue kasha la alumini lililotumika, kuba la kipenyo cha sentimita 20 pamoja na pete ya kurefusha ya lenzi yetu, flashi mbili za uzi wa nuru. Na kitu kimoja ambacho nimekataa kabisa kiondolewe kwenye bajeti: pampu ya ombwe.

Ni kifaa rahisi. Ukishafunga kasha, unavuta sehemu ya hewa ya ndani kwa pampu ya mkono. Kihisi kidogo kinapima presha ya ndani na kuwasha taa ya kijani. Ukiliacha dakika 20 au nusu saa na taa ikabaki kijani, hakuna hewa inayoingia, na maji hayataingia. Kama kuna uzi wa taulo juu ya oringi, taa inabadilika rangi ukiwa bado umekaa kwenye kiti nchi kavu. Tena ile hewa iliyovutwa inazibana pete tangu ukiwa mashuani, yaani ule udhaifu wa mita tatu za kwanza unaondoka. Bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya kamera na lenzi nilizozizamisha.

Yule dada aliyepoteza msimu wake nimemwonyesha orodha. Aliipitia yote, akafika kwenye pampu, akaweka alama ya tiki kwa kalamu nyekundu, kisha akaandika chini yake: "na taulo zibaki nyumbani."